Kuziro redi doti ya bastola kwa anayeanza: mwongozo kamili, kuanzia skrubu mpaka yadi 25

Wakuu, siku ya kwanza nimepeleka renji (uwanja wa shabaha) bastola yenye redi doti, kile kioo kidogo cha kulengea chenye nukta nyekundu, nilimaliza boksi mbili, yani risasi 100, na nilipotoka pale ilikuwa inapiga vibaya kuliko nilivyoingia nayo. Sikuwa na shida ya hela ya redi doti nzuri wala bastola nzuri. Niko Houston, bastola ni Glock 19 Gen5 MOS (MOS ni zile zilizochongwa tayari kufungwa doti), doti ni Holosun 507C, vitu ambavyo watu wengi wanatumia na vinafanya kazi. Shida ilikuwa mimi. Napiga moja, nachungulia tundu, nageuza skrubu ya kurekebishia doti, napiga nyingine, imeenda kwingine, nageuza tena. Mzee mmoja wa lane ya pembeni aliniangalia weee mpaka akachoka, akaniambia hebu toa risasi zote nikuonyeshe kitu. Nikatoa magazini, nikavuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) ikabaki wazi, akahakikisha na yeye mwenyewe, alafu akashika ile doti kwa vidole viwili akaitikisa. Ikacheza. Kidogo tu, lakini ikacheza.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta ziro, yani doti na risasi vikutane sehemu moja, kwenye kitu kinachotembea, na wakati huohuo nilikuwa nasahihisha kila kosa la kidole changu kwa kugeuza skrubu. Haya makosa mawili ndo yanamaliza risasi za watu wengi, na karibu kila kitu ninachoandika hapa chini ni namna ya kuyakwepa.

Kabla ya yote, sheria. Hii ni kwa mtu anayemiliki silaha kihalali na anayepiga kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Tanzania ni leseni chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ni leseni kutoka bodi ya leseni za silaha chini ya Sura ya 114. Na nyie wenzangu wa Marekani, msidanganyike na maduka yaliyojaa kila kona: kama uko kwa viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza hata kuishika, kuna hali chache za kuruhusiwa lakini uliza mwanasheria usiulize washkaji. Mwenye green card na raia ni habari nyingine.

Alafu usalama, zile kanuni nne alizozipanga Jeff Cooper ambazo kila mwalimu anazo mdomoni: kila silaha ichukulie ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole nje ya triga mpaka saiti (vile vya kulengea) ziwe kwenye shabaha, na jua unachopiga na kilichoko nyuma yake. Kuziro kuna mtego wake hapa, maana unashika bisibisi na bastola kwa wakati mmoja na akili yote iko kwenye kile kiskrubu kidogo. Kila unapotaka kugeuza, magazini nje, chemba tupu, slaidi wazi, mtutu unaangalia kwenye shabaha. Kila mara, hata kama ni kliki moja, yani hatua moja ya skrubu.

Redi doti ni nini na kwanini doti inakwenda kinyume

Kuna watu wanadhani redi doti ni leza. Hapana. Ndani kuna kataa kadogo ka LED kanamulika kioo chenye mkunjo kidogo, kioo kinarudisha ile rangi kwenye jicho lako, basi. Hakuna kinachotoka kwenda kwenye shabaha, anayesimama mbele haoni doti yoyote kwenye shati lake kama kwenye sinema. Kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975, na kanuni yenyewe haijabadilika sana, zimekuwa ndogo tu mpaka zinakaa juu ya slaidi.

Kuziro maana yake ni kufanya doti na risasi vikutane sehemu moja kwenye umbali uliochagua. Doti iko juu ya mtutu, kwenye bastola nyingi ni kama sentimita 2 na nusu hivi. Risasi inatoka chini ya macho yako, inapanda kidogo kukutana na mstari wa doti, baadae inaanza kushuka. Ndo maana karibu sana, yadi 3 tuseme (yadi ni pungufu kidogo ya mita), risasi itapiga chini ya doti hata kama ziro yako ni safi kabisa. Usije ukaigusa kwa sababu hiyo.

Sasa hili la kinyume linachanganya watu. Ile mishale kwenye skrubu, ya juu na ya kulia, kwenye nyingi inaonyesha risasi itahamia wapi, sio doti. Ukigeuza upande wa juu, doti ndani ya kioo inashuka. Inashuka, we unanyanyua mtutu ili uirudishe kwenye shabaha, mtutu ukinyanyuka risasi inapanda. Ukishaelewa hivyo hutakaa ubishane na kioo tena. Lakini soma karatasi ya redi doti yako, sio kampuni zote zinaandika alama sawa.

Vifaa

Huhitaji vingi. Risasi 50 za aina moja, boksi moja, usichanganye. Kitu laini cha kuegemea, begi la mchanga ni bora ila hata begi lako la mgongoni likijazwa nguo linafaa. Karatasi za A4 na mkanda mweusi wa umeme kutengeneza kiboksi cha sentimita 5 katikati, nitaeleza kwanini. Rula. Kalamu. Bisibisi ndogo bapa au kile kifunguo kilichokuja na doti. Miwani na vizuia kelele vya masikio, na kama renji ni ya ndani mimi navaa viwili, vya kusokota ndani na vya juu, maana kelele za jirani ndo zinazokufanya ukwepe risasi yako mwenyewe bila kujua.

Gundi ya skrubu ya bluu, sio nyekundu. Nyekundu itakufanya uitafute pasi ya moto siku unataka kufungua.

Kufunga, hapa ndo nilipofeli

Fanyia nyumbani, mezani, risasi zote ziwe chumba kingine. Kwenye Glock MOS kuna bamba linalokaa kati ya slaidi na doti, namba 02 ndo la mkao (mpangilio wa matundu ya skrubu) wa RMR, redi doti ya kampuni ya Trijicon, na Holosun 507C inatumia mkao huohuo. Maana yake una skrubu jozi mbili: mbili zinashika bamba kwenye slaidi, mbili zinashika doti kwenye bamba. Watu wanakaza za juu wanasahau za chini. Doti inakuwa imeganda kama mwamba kwenye bamba, na bamba linaelea.

Kwanza toa mafuta. Mi hili niliruka. Slaidi mpya inakuja na mafuta kwenye matundu ya skrubu, ukiweka gundi juu ya mafuta umeweka urembo. Chukua kijiti cha pamba, spiriti, safisha tundu na safisha nyuzi za skrubu yenyewe, acha ikauke. Tone dogo la gundi, dogo kweli, likijaa litachuruzika kwenye vitu vya ndani.

Pili, urefu wa skrubu. Tumia zile zilizokuja na kifaa kwa ajili ya bamba lako. Skrubu ndefu ya upande wa kulia kwenye Glock inaweza kushuka mpaka ikagusa kile kijiti kinachosukuma ndoano ya kutolea ganda, alafu bastola inaanza kukwama maganda na we unalaumu risasi. Ukimaliza kukaza, vuta slaidi kwa mkono mara kadhaa, na ibonyeze ile ndoano kwa kidole uone bado inacheza.

Tatu, nguvu ya kukaza. Karatasi za watengenezaji wengi zinasema kwenye paundi-inchi 12 mpaka 15, na hiyo ni nguvu ndogo, skrubu hizi ni nyembamba na ukizikaza kama nati ya gari zinakatika kichwa. Bisibisi yenye kipimo ni uwekezaji mzuri, kama huna muombe fundi wa duka la silaha akukazie mbele ya macho yako. Ziache usiku mzima gundi ishike.

Nne, chora mstari mwembamba kwa kalamu ya rangi kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye mwili wa doti. Skrubu ikilegea mstari unakatika na unaona kwa macho. Hii ya bei ya soda ingeniokolea boksi mbili.

Ziro ya mezani

Bado nyumbani, bado tupu. Washa doti. Kama saiti zako za chuma ni ndefu kiasi cha kuonekana kupitia kioo, zilenge kawaida, alafu geuza doti mpaka ikae juu ya ncha ya saiti ya mbele kama pipi ya kijiti. Hapo uko karibu, karatasi utaipata. Saiti fupi za kawaida za Glock mara nyingi hazionekani kupitia kioo, basi usijali, utaanzia yadi 5 badala ya 10.

Angalia na jicho lako. Doti ikionekana kama nyota, koma, au zabibu zilizobanana, kabla hujarudisha dukani ipige picha na simu kupitia kioo. Picha ikionyesha kiduara safi basi doti ni nzima, macho yako yana astigimatizimu, kasoro ya umbo la jicho, wengi tunayo bila kujua. Vaa miwani yako, au punguza mwanga wa doti. Kwa kweli punguza mwanga hata kama macho ni mazima: doti kali inavimba, inafunika shabaha, na unakuwa unalenga na tochi.

Kliki na hesabu yake

Vipimo vinaitwa moa. Moa moja kwenye yadi 100 ni karibu inchi moja, yani inapanuka kadri unavyokwenda mbali. Kwenye 507C na RMR kliki moja ni moa moja. Hivi ndivyo inavyohama kwa kliki moja:

Yadi 10: milimita 2.7
Yadi 25: milimita 6.6
Mita 10: milimita 2.9
Mita 25: milimita 7.3

Hizo za mita ni kwa walioko nyumbani, renji za huku ni yadi.

Mfano. Yadi 10, kundi lako (matundu ya risasi ulizopiga kwa mkupuo) liko sentimita 4 chini na sentimita 2 kushoto. Gawa 40 kwa 2.7, unapata kama 15. Gawa 20 kwa 2.7, kama 7. Kwa hiyo kliki 15 juu, 7 kulia. Unageuza zote kwa mpigo mmoja, sio mbili mbili kwa woga. Mwanzoni mi nilikuwa nageuza kliki mbili alafu nashangaa mbona haihami, nusu sentimita kwenye yadi 10 inafichwa na mkono unaotetemeka.

Sasa renjini: yadi 10 kwanza

Weka karatasi yadi 10. Kiboksi cheusi kina kazi: kwa redi doti kulenga katikati ya weupe mkubwa ni shida, doti inaogelea. Kiboksi kinakupa kitu cha kuweka doti katikati, na doti ya moa 2 inaonekana vizuri ndani yake.

Kaa chini kama meza ipo. Egemeza mikono kwenye begi, sio fremu wala mtutu. Bastola ikilaliwa kwenye kitu kigumu inaruka tofauti na utakavyoishika ukiwa umesimama, ziro inakuwa ya meza sio ya kwako. Shika vilevile unavyoshika siku zote, kwa nguvu ileile.

Macho yote wazi. Angalia shabaha, usiangalie doti. Huu ndo ugeni kwa tuliotoka saiti za chuma, kule tulifundishwa kukodolea saiti ya mbele, huku unakodolea kile kiboksi na doti inajileta yenyewe juu yake. Ukianza kuikodolea doti, shabaha inakuwa ukungu na we unaanza kuikimbiza.

Na itatetemeka. Doti zinatetemeka kwa kila mtu, hata kwa yule mzee, tofauti ni kwamba saiti za chuma zilikuwa zinakuficha ukweli na hii haikufichi. Usisubiri ipite katikati ndo uinyakue triga, hapo ndo unapoharibu. Iache icheze ndani ya kiboksi, we endelea kuminya taratibu mpaka risasi ijitokee.

Piga tano. Usichungulie kati. Kweli kabisa, usichungulie, weka darubini chini kama unayo. Tano zote kwenye sehemu moja ya kiboksi, hata kama unahisi ya kwanza imeenda pembeni. Ukibadili unakolenga katikati ya kundi umelipoteza kundi zima.

Vuta karatasi. Hapa ndo penye kazi yenyewe, kusoma kundi, na napenda watu watumie muda mwingi hapa kuliko kwenye bisibisi.

Kundi dogo la mviringo, matundu matano ndani ya sentimita 4 au 5 kwa anayeanza, popote lilipo kwenye karatasi: hili ni kundi la kuaminika. Tafuta kati yake, pima mpaka kati ya kiboksi, piga hesabu, geuza.

Kundi limetawanyika karatasi nzima: usiguse kitu. Hakuna kati ya kupima. Pumzika, kunywa maji, rudia.

Kundi limelala chini kushoto na we ni wa mkono wa kulia: usiguse kitu bado. Hii ni alama ya mtu anayekwepa mlipuko, anasukuma bastola chini kabla risasi haijatoka. Kwa wa mkono wa kushoto inakuwa chini kulia. Dawa yake mwambie mwenzio akujazie magazini achanganye risasi feki mbili tatu, zile za mazoezi, bila wewe kujua ziko wapi. Ukifika kwenye feki utaona doti inazama kama jiwe kwenye maji. Mi nilipofanya hivyo niliona aibu, doti ilitoka kabisa nje ya kioo. Baada ya feki kama kumi ilianza kutulia, na kundi langu "la chini kushoto" likapanda lenyewe bila kliki hata moja. Ningekuwa nimegeuza siku ile, bastola ingekuwa imeziroiwa kwa ajili ya woga wangu, na kila mtu mwingine akiishika ingepiga juu kulia.

Makundi mawili madogo yaliyotengana, mawili hapa matatu pale: kuna kitu kinacheza. Angalia ile mistari ya rangi.

Tundu moja pekee limekimbia na manne yako pamoja: ukiwa ulijua palepale ulipofyatua kuwa umelikosea, lifute. Kama hukujua, lihesabu. Huwezi kuanza kuchagua matundu unayoyapenda baada ya kuona karatasi.

Njia rahisi ya kupata kati: chora mstari wa wima ambao matundu yanagawanyika sawa kushoto na kulia, chora wa kulala ambao yanagawanyika sawa juu na chini, yanapokatiana ndo kati.

Ukishageuza, piga mbili kwenye ukingo wa karatasi kabla ya kundi jipya. Skrubu za ndani zina ulegevu kidogo, mtikisiko wa risasi unazikalisha. Alafu kundi jingine la tano. Likikaribia kati, hata kama bado nusu sentimita pembeni, acha. Usitafute ukamilifu kwenye yadi 10, kosa la nusu sentimita hapo ni zaidi ya sentimita moja yadi 25, na ni yadi 25 ndo itakayokuonyesha.

Yadi 25

Kwanini 25 na sio 10 moja kwa moja? Kuna ubishi wa miaka kuhusu hili na kila mtu ana sababu zake. Mi nafuata 25 kwa sababu ya hesabu. Risasi ya kawaida ya 9mm, ukiziro 25, kwenye yadi 10 inapiga chini kama milimita 8, kwenye 7 chini kama sentimita 1 na kidogo, na kwenye 50 chini kama sentimita 3 hivi. Yani kuanzia puani mpaka yadi 50 hautoki nje ya kifuniko cha kikombe cha chai. Ukiziro 10, kwenye 25 inapanda juu kama sentimita 2, sio mwisho wa dunia, ila makosa yako madogo ya kupima yanakuzwa mara mbili na nusu. Hizi namba zinabadilika kidogo kwa uzito wa risasi na urefu wa doti yako, zichukue kama picha.

Kama macho au mkono havijafika 25, ziro 15. Hakuna mtu atakukamata. Kundi zuri la yadi 15 ni bora kuliko vumbi la yadi 25.

Karatasi mpya, kiboksi kikubwa kidogo, sentimita 8 hivi. Punguza mwanga wa doti tena. Doti ya moa 2 hapo inafunika sentimita 1.3, ya moa 6 inafunika sentimita 4, kwa hiyo mwenye doti nene asijilaumu akiona kundi lake ni nene. Weka doti katikati ya kioo, vioo hivi vidogo ukilenga na doti iko ukingoni risasi inaweza kuhama kidogo.

Tano. Pumzika. Tano nyingine karatasi ileile bila kugeuza. Ndio, kumi, kwa sababu umbali huu mkono unadanganya zaidi na matundu matano hayatoshi kukuambia ukweli. Pima kati ya yote kumi. Ikiwa sentimita 2 juu, hizo ni kliki 3 chini. Sentimita moja? Kliki moja, mbili, au acha, inategemea ukubwa wa kundi lako: kama kundi ni sentimita 12 basi sentimita moja haina maana yoyote, umegeuza kwa kubahatisha. Kundi likiwa kubwa mara nyingi kuliko umbali unaotaka kusahihisha, bisibisi irudi mfukoni.

Ukishageuza, tano za kuthibitisha. Jumla ukihesabu tumetumia risasi 10 au 15 kule yadi 10, 15 huku, chache za kukalisha skrubu, na bado boksi linakaribia kubaki na 15. Simama sasa, bila begi, yadi 10, piga tano za mkono mtupu. Zikiwa pembeni na za begi zilikuwa katikati, hiyo ni mshiko wako. Redi doti iache.

Kama kuna mtu mzoefu pale renji, mwombe apige tano zake kwenye karatasi yako kabla hujafunga vitu. Kundi lake likiangukia palipo lako, umemaliza. Likiwa sentimita 5 mbali na lako, mmoja wenu anaminya vibaya na, samahani, ninajua ni nani.

Risasi za aina nyingine

Ukiziro kwa grein 115 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi) za mazoezi alafu bastola unaiweka ndani na grein 147, usidhani ni kitu kimoja. Zinatoka kwa mwendo tofauti na zinapiga mahali tofauti kidogo. Chukua tano za ile utakayoitegemea, yadi 25, angalia zinapoangukia. Tofauti ikiwa ndogo andika tu, ikiwa kubwa ziro kwa ile muhimu na ya mazoezi iende inakoenda.

Baada ya hapo

Andika. Kikadi ndani ya begi la bastola: tarehe, aina ya risasi, umbali wa ziro, na kundi lilikuwa wapi. Mi yangu imechafuka mafuta lakini inasomeka. Mistari ya rangi nayo ichungulie kila unaposafisha bastola, sekunde mbili.

Nawa mikono na sabuni kabla hujashika chapati, vumbi la risasi lina risasi kweli, ile madini.

Betri usisubiri ife. Chagua siku ya mwaka usiyoisahau, badilisha, weka mpya. Holosun 507C inatumia CR1632 na kitako chake kinachomoka pembeni, doti haiguswi na ziro inabaki. RMR Type 2 inatumia CR2032 na betri iko chini yake, kwa hiyo kila ukibadilisha unafungua doti nzima kwenye slaidi, unasafisha matundu upya, gundi upya, mistari upya. Ukishaifunga rudi yadi 10, piga tano bila kuchungulia, linganisha na kadi.